Ua la mashine nalo lina mwenyewe

Foronya, mikoba, vitambaa vya meza, madera, nguo za watoto: siku hizi ni nadra kupita kwenye duka la kazi za mikono, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Darajani ya Zanzibar, usikute ua lililodariziwa kwa mashine. Fundi huchomeka flashi, huchagua waridi au tawi la majani, hubana kitambaa kwenye fremu, na baada ya muda mfupi ua limekamilika. Wepesi huo umewafanya wengi waamini kwamba mashine ndiyo iliyochora. Haijawahi kuchora hata siku moja. Tangu mashine ya kwanza ya kudarizi, karibu miaka 200 iliyopita, ua lililotoka kwenye sindano zake kwa kawaida lilichorwa kwanza na mtu. Historia ya kazi hii ndiyo historia ya mtu huyo, ingawa jina lake halijulikani sana.

Mwanzo wake ni Mulhouse, mji wa mashariki mwa Ufaransa. Biashara ya maua ilikuwa imeshakomaa pale kabla mashine haijafika, kwa kuwa viwanda vya kupiga chapa vitambaa vya pamba vilianzishwa mwaka 1746, na mteja alitaka kitambaa chenye maua. Wachoraji wa maua walikuwa watu wa kutafutwa. Mmoja wao, Adolphe Braun, aliyeanza maisha kama mbunifu wa nakshi za vitambaa, alikusanya maua ya bustani na ya porini akayapanga na kuyapiga picha moja moja. Kufikia mwaka 1855 alikuwa na picha zipatazo 300, akaziuza kwa wabunifu wa vitambaa wapate pa kuiga mmea ulivyo hasa. Hivyo mtu kuuza maua yaliyo tayari kwa mafundi wengine si jambo lililoletwa na intaneti.

Ni katika mji huohuo ambako Josué Heilmann alibuni mashine ya kudarizi mwaka 1828. Inafaa tuitazame kwa karibu, maana ndani yake kulikuwa na karibu kila kitu tulicho nacho leo. Kitambaa kilitandazwa wima kwenye fremu kubwa. Mbele na nyuma yake kulikuwa na safu za vibanio vilivyoshika sindano nyingi, na matoleo ya baadaye yalikuwa na mamia ya sindano. Kila sindano ilikuwa na ncha pande zote mbili na tundu katikati, ili ipite kwenda na kurudi bila kugeuzwa. Fundi aliketi pembeni. Mkono mmoja ulizungusha mpini, miguu ikafungua na kufunga vibanio, na mkono wa pili ukashika mtaimbo mrefu ambao ncha yake ilifuata mchoro uliobandikwa ubaoni. Mchoro huo ulikuwa mkubwa mara 6 kuliko ua lenyewe. Fundi akigusa nukta moja, fremu nzima husogea, na sindano zote hupiga mshono mmoja kwa pamoja. Ukubwa ule ulikuwa na faida yake: mkono ukiteleza milimita 6 ubaoni, kitambaani kosa ni milimita 1 tu.

Nani aliuchora mchoro ule? Kulikuwa na wawili. Wa kwanza alibuni ua. Wa pili kazi yake ilikuwa kulikuza, na kuweka alama ya kila mshono mahali pake, mmoja baada ya mwingine, jani kwa jani. Huyu wa pili ndiye babu wa kila mtu ambaye leo hukaa mbele ya kompyuta kugeuza picha ya ua kuwa faili la kudarizi. Alihitaji jicho la mchoraji na subira ya fundi kwa pamoja, nami naona historia haikumtendea haki.

Mashine za Heilmann zilivuka mpaka zikaingia Uswisi, na mji wa St. Gallen ukazishika kwelikweli. Vijijini, mashine ilikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mkulima. Baba alidarizi, mama na watoto wakatunga nyuzi, kwa sababu uzi wa kila sindano ulikuwa mfupi na uliisha upesi. Watoto walitunga sindano kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, hadi usiku. Maua mazuri yaliyovaliwa Paris na New York yalipita kwenye vidole vyao.

Mwaka 1863 Isaak Gröbli alibadilisha mambo. Aliitazama cherehani ya kawaida, yenye uzi wa juu usiokatika na uzi wa chini ndani ya kibobini, akaazima ujanja huo. Kibobini cha mashine yake kilikuwa na umbo la mashua ndogo, na mashine ikapewa jina hilo kwa Kijerumani cha Uswisi: Schiffli. Mwaka 1898 mwanawe Arnold aliiwezesha kufuata kadi zenye matundu, bila mkono wa mtu kufuata mchoro. Kufikia mwaka 1910 hivi, takriban nusu ya darizi yote iliyotengenezwa duniani ilitoka St. Gallen na vitongoji vyake. Wafanyabiashara wake walielewa utajiri wao ulipo. Walijenga jumba la makumbusho mwaka 1886, wakasomesha vijana kuchora, na mfanyabiashara Leopold Iklé akatoa mkusanyiko wake wa lesi na darizi za kale ili wabunifu wajifunze humo. Kisha Vita ya Kwanza ya Dunia ikaja, mitindo ikageuka, wateja wakapotea. Katika miaka ya 1920 wenye mashine walilipwa fidia ili mashine zao zivunjwe.

Afrika iliingia katika hadithi hii kwa mlango wa biashara. Ng'ambo ya mto Rhine, upande wa Austria, mji wa Lustenau uliokoa viwanda vyake kwa kuuza lesi Nigeria kuanzia miaka ya 1960. Ladha ya wanunuzi wa Lagos ndiyo iliyoamua rangi na ukubwa wa maua yaliyochorwa kule. Mwaka 2010 jumba la makumbusho mjini Vienna liliandaa maonyesho kuhusu lesi hiyo, kwa kushirikiana na Nigeria. Huku kwetu pwani kudarizi kulikuwa na heshima yake tangu zamani: darizi ya shingo ya kanzu, na kofia ya viua ambayo fundi wa mkono huchukua wiki nyingi kuimaliza. Leo kofia ya mashine hukaa nayo bega kwa bega sokoni kwa bei ya chini sana. Macho ya mnunuzi mgeni hayaoni tofauti, na fundi wa mkono ndiye anayeumia.

Kompyuta ilipokuja haikuleta wazo jipya sana. Kampuni ya Wilcom ya Sydney ilitoa programu yake ya kuandaa darizi mnamo 1980, na mwaka 1990 Janome ikauza mashine ya kudarizi ya kuweka nyumbani. Kilichobadilika ni kwamba kazi ya kiwanda kizima sasa inaenea juu ya meza ya mama mmoja. Jani, hata hivyo, bado lina masharti yaleyale. Mwandaaji huligawa kwa mshipa wa katikati, akalaza mishono ya upande mmoja huku na ya upande wa pili kule. Uzi ni mmoja na kijani ni kilekile, lakini mwanga hugonga pande mbili tofauti na jicho likaona kijani cha aina mbili. Petali pana hukatwa vipandevipande, kwa kuwa mshono mrefu hunasa na kuchomoka. Duara huchorwa kwa kupanuliwa kidogo, kwani uzi huvuta kitambaa na ua lingeishia kuwa yai. Hayo yote aliyafikiria mtu.

Kwa hiyo mkoba ulioshonwa kwa mikono na kutiwa ua la mashine ni kazi halali ya mikono, kwa hukumu yangu, alimradi muuzaji aseme wazi kipi ni kipi. Ila faili la ua hilo ni mali ya mtu, na jambo hili lina sheria za kale. Uingereza ililinda michoro ya vitambaa vya chapa tangu mwaka 1787, japo kwa miezi 2 tu. Leo ulinzi ni mrefu zaidi: Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001, na Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo mchoro wa mgeni unalindwa hapa kama wa mwenyeji. Wabunifu hutofautiana. Kuna wanaoruhusu uuze bidhaa uliyodarizi lakini usigawe faili, kuna wanaoweka ukomo wa idadi, na kuna wanaoruhusu matumizi ya nyumbani pekee. Faili lililotumwa kwenye kundi la WhatsApp bila jina la mwenyewe halikupi ruhusa yoyote.

Wewe unayeuza, basi, soma masharti kabla ya kudarizi, na uhifadhi risiti. Afadhali zaidi, chora mwenyewe. Asmini, kilua, langilangi na tawi la mkarafuu havina hakimiliki ya mtu. Ukimaliza, weka jina na tarehe kwenye mchoro wako, kisha uuandikishe kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO.