Oili ya CX-5 ya dizeli ikipanda, usifurahi

Msikilizaji, anayenunua gari lililotumika huogopa injini inayokula oili. Lakini kwa Mazda CX-5 ya dizeli ya lita 2.2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, tunakuomba uchunge pia kinyume chake: oili inayoongezeka yenyewe.

Chanzo ni nini? Kwenye ekzosi kuna chujio la masizi, mafundi huliita DPF. Likianza kujaa, injini hujiongezea dizeli ili ekzosi ipate moto mkali na masizi yaungue. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Mwenye safari fupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, hasa asubuhi za baridi ya Juni na Julai hapa Sumbawanga, huzima gari kabla haijaisha. Dizeli isiyoungua hushuka kwenye oili. Oili ikiwa nyepesi hailindi vyuma. Beringi na turbo huanza kusagika.

Jinsi ya kupima:

1. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Oili ikifika hapo, au ikinuka dizeli, badilisha oili na filta yake kabla ya safari. Usipunguze tu.

2. Taa ya DPF ikiwaka bila kumeta, injini ikishapata moto endesha bila kuzima kama dakika 20, kwa mfano barabara ya lami ya kuelekea Laela. Ikianza kumeta, mwone fundi.

3. Kompyuta ya fundi ikionyesha P2463, maana yake masizi yamejaa. Haisemi kwa nini. Kabla ya kununua chujio jipya, mwambie fundi akague nozeli, bomba za turbo na filta ya hewa, ambayo huziba haraka kwa vumbi la njia za bonde la Rukwa.

Oili unayonunua iwe ya injini za dizeli zenye DPF. Oili ya kawaida huacha majivu yasiyoungua, na chujio huziba moja kwa moja.

Na kama bado hujanunua gari, chomoa kijiti kwanza. Fedha ya mavuno itoke mfukoni baadaye.