Cherehani ya Mumosho na Cheti cha Serikali

Mwaka 1964 serikali tatu zisizofanana kwa lolote ziliamua jambo moja. Marekani ilianzisha Job Corps, mafunzo ya bweni kwa vijana maskini. Kenya, kabla ya uhuru wake kutimiza mwaka, ikaunda Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Kongo nayo, tarehe 29 Juni, ikaanzisha taasisi yake ya mafunzo ya kazi, INPP. Kongo ilifanya hivyo ikiwa vitani. Agosti ya mwaka huohuo waasi wa Simba waliingia Bukavu, mashariki mwa nchi, wakapigana na jeshi la Kanali Mulamba mjini humo. Nalikumbusha hili kwa sababu leo tunaambiwa kila siku kwamba mafunzo ya vijana yangoje amani.

Programu hizo zilitofautiana katika vyanzo vya fedha. Job Corps hulipiwa na bajeti ya taifa, basi kijana hupata chakula, malazi na posho akiwa masomoni. Fedha ya aina hiyo hutegemea matakwa ya wanasiasa: mwaka 2025 Wizara ya Kazi ya Marekani ilitangaza kusimamisha vituo vingi vya Job Corps, mahakama ikaizuia. INPP ilijengwa juu ya michango ya waajiri, kila mmoja akitoa sehemu ya jumla ya mishahara anayolipa. Tanzania ilishika njia hiyohiyo kwa tozo ya kuendeleza ujuzi inayosaidia kuiendesha mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ni mpango wa haki, kwani anayefaidika na fundi ndiye anayechangia kumfundisha. Lakini una kasoro moja kubwa: fedha hutoka penye viwanda na ofisi, na huelekea kubaki hukohuko. Mahali pasipo na mwajiri aliyesajiliwa, kijana hana wa kumsemea.

Mumosho ni mahali pa namna hiyo. Iko kusini mwa Bukavu, katika teritwari ya Kabare, kando ya mto Ruzizi. Watu wake wengi ni wakulima wa vishamba vidogo. Hapo ndipo lilipojengwa bwawa la Ruzizi II, lililoanza kutoa umeme mwaka 1989, mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Mataifa matatu yaliweza kukubaliana kuhusu mitambo. Kuhusu kijana anayeishi jirani na mitambo hiyo, hakuna mkataba uliotiwa saini.

Mafunzo ya ushonaji yanayotolewa Mumosho hayakuletwa na serikali. Yaliletwa na chama cha wenyeji, ABFEK, kikishirikiana na Action Kivu inayokusanya misaada Marekani. Wanaofundishwa ni wasichana walioacha shule kwa kukosa karo, mama vijana wasio na waume, na wanawake waliobakwa wakati wa vita. Hujifunza kukata na kushona, na wasiojua kusoma hufundishwa kusoma. Anayehitimu hupewa cherehani ya kukanyaga kwa mguu, pamoja na kitambaa na nyuzi za kuanzia.

Hapo kwenye cherehani ndipo ninapotaka msomaji asimame nami. Programu nyingi za serikali, huko kwetu na kwingineko, huishia kwenye sherehe ya vyeti. Waziri hupiga picha, vijana hurudi nyumbani, na ujuzi hufa kwa kukosa chombo cha kazi. Binti aliyefundishwa kushona miezi mingi kisha akakosa mashine atarudi kulimia watu kwa ujira wa siku. Mumosho wameelewa kwamba mafunzo hayajaisha mpaka mtu ashone nguo ya kwanza ya kuuza. Wameelewa pia kwamba mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kwenda kusoma mjini, hata masomo yakiwa ya bure: nauli ya kila siku tu ingemshinda. Katika mambo haya mawili, kituo cha kijijini kimeishinda taasisi ya taifa.

Hata hivyo, kina udhaifu ambao hakiwezi kuuondoa chenyewe. Kinaishi kwa moyo wa watu walio ng'ambo ya bahari, na moyo huo ukichoka hakuna sheria ya kuudai. Tena karatasi ya chama cha kijijini haiwezi kuwa na nguvu ya cheti cha taifa mbele ya mwajiri asiyekijua chama hicho.

Kenya iliwahi kukutana na fumbo hilihili. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza mtoto aliyemaliza shule ya msingi aende wapi. Makanisa na wanavijiji wakaanza kujenga vyuo vidogo vya ufundi wa useremala, uashi na ushonaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ikaanza kuvisaidia kwa fedha badala ya kujenga vyake pembeni. Baada ya katiba ya 2010, vyuo vya aina hiyo vikawa jukumu la kaunti. Vingi viliteseka kwa uhaba wa walimu na zana, siwezi kulificha hilo. Lakini kilichoanzishwa na waumini na wazazi kilipata mahali katika bajeti ya umma, na mwananchi akapata ofisi ya kudai haki yake.

Kuna mapokeo mengine, ya kale kuliko yote haya: uanagenzi. Katika gereji na karakana za Kadutu mjini Bukavu, kama zilivyo za Gikomba jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, kijana huanza kwa kushika spana na kufagia, akiangalia mikono ya fundi. Hujifunza kazi kweli. Ila hajui atahitimu lini, na siku akiondoka hana cha kuonyesha. Tanzania imelifanyia kazi jambo hili kupitia urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunza mtaani hupimwa kazini, hukamilishiwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti cha VETA. Harudishwi darasani kama mtoto. Kwa maoni yangu, hakuna hatua ya serikali katika uwanja huu iliyo rahisi na yenye heshima kuliko hiyo.

Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, benki zikafungwa. Najua kwamba mchango wa mwajiri hauwezi kufuata barabara iliyokatwa, wala sitegemei kituo cha mafunzo cha serikali kizinduliwe Mumosho kesho. Lakini INPP inaweza kuitambua kazi inayofanyika tayari: imtume mtahini awapime washonaji wa Mumosho na mafundi wa Kadutu, na watakaofaulu wapewe cheti cha taifa. Mradi wa umeme wa Ruzizi III unatayarishwa kwenye mto huohuo, nao utahitaji waashi, wachomeleaji na mafundi umeme. Wanaoufadhili waandike ndani ya mikataba, kabla ya jiwe la kwanza, idadi ya vijana wa kando ya mto watakaofundishwa na kuajiriwa.