Kisima, Jukwaa na Shahada

Mimi ni mtu wa Bute, Wajir Kaskazini, karibu na mpaka wa Ethiopia, na shahada yangu ya kwanza ni ya sanaa za maonyesho. Kwetu shahada hiyo inataka maelezo. Aliyesomea udaktari, ualimu au sheria hasumbuliwi na mtu. Mimi mzee mmoja wa ukoo wetu aliniuliza, kwa upole kabisa, ni nani atakayenilipa mshahara nikaigize, na kwa nini ng'ombe wa baba yangu waliuzwa kwa karo ya mchezo. Nilimjibu kwa historia, na historia hiyo ndiyo ninayoiandika hapa, kwa sababu wazazi wengi wa kwetu wana swali hilohilo na wanastahili kujibiwa kwa heshima.

Masomo haya yalifika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki katika miaka ileile ya kupata uhuru. Kabla ya hapo, jukwaa la maana nchini Kenya lilikuwa la walowezi. Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa Nairobi mwaka 1952, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari kwa ajili ya Mau Mau. Tamasha la maigizo la shule lilianza 1959, na mwanzoni lilikuwa uwanja wa tamthilia za Kiingereza. Mtoto wa Kiafrika aliyetaka kuigiza alianza kwa kujifunza kusimama na kutamka kama Mwingereza. Nyimbo, ngano na ngoma za kwao zilibaki nje ya lango, zikihesabiwa kuwa burudani ya washamba.

Mwaka 1965 Chuo cha Makerere kilianzisha kikundi cha maonyesho ya kusafiri bila kiingilio. Wanafunzi, chini ya mhadhiri David Cook, walipanda gari na kwenda kuigiza mijini na vijijini, Uganda na Kenya, kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji. Hapo wasomi walianza kukutana na hadhira isiyokaa kimya. Watu walicheka pasipotarajiwa, wakamjibu mwigizaji, wakadai wimbo uimbwe tena. Makerere ilifungua idara yake ya muziki, ngoma na tamthilia mwaka 1971.

Dar es Salaam ilikuwa imetangulia. Idara ya Sanaa za Maonyesho ilianzishwa pale mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, na Kiswahili kikaingia jukwaani kwa kishindo. Miaka miwili baadaye Ebrahim Hussein, kijana wa pwani ya kusini ya Tanzania, alichapisha Kinjeketile, tamthilia ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hussein aliuliza swali zito: imani inayowaunganisha watu wanyonge inaweza kuwaokoa, na inaweza pia kuwaangamiza? Kazi hiyo ilionyesha kwamba historia ya mkulima wa Rufiji ina uzito wa kutosha kusomwa chuo kikuu, tena kwa lugha anayoielewa mkulima mwenyewe.

Nairobi vita vilipiganwa kwa kalamu. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na mahali pake pawe na idara inayoanza na Afrika. Ndani ya hoja yao mlikuwa na jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi wafugaji: fasihi simulizi iwe somo kamili. Msimulizi, mwimbaji na mtambaji wa ngano wakahesabiwa kuwa chimbuko la elimu. Bila waraka ule na mabadiliko yaliyofuata, mimi nisingekuwa na cha kupeleka chuoni.

Aliyenifundisha kwa vitabu vyake kile ambacho shahada hii inaweza kufanya ni Penina Mlama wa Dar es Salaam, ambaye tamthilia zake za kwanza zilitoka kwa jina la Penina Muhando. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na wenzake walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza matatizo yao ni yapi, wakachunguza chanzo cha kila tatizo pamoja nao, kisha wakatunga onyesho kwa ngoma na nyimbo za palepale. Onyesho lilipokwisha, mjadala ulianza, na huo mjadala ndio uliokuwa kilele cha kazi. Kwa njia hiyo mtaalamu anakuwa mratibu, na mwenye tatizo anakuwa mwigizaji wa maisha yake mwenyewe. Amandina Lihamba alifanya kazi bega kwa bega na Mlama, na mwaka 1996 mradi wa Tuseme ulianza Dar es Salaam, ukitumia uigizaji kuwawezesha wasichana wa sekondari kusema yanayowazuia kusoma. FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, liliuchukua na kuueneza nchi nyingine za Afrika.

Kenya nayo ilikuwa na moto wake. Mwaka 1974 John Ruganda, mwandishi kutoka Uganda, aliongoza Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha kikundi chake cha maonyesho ya kusafiri. Mwaka 1976 Ngũgĩ na Micere Mugo walimweka Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, kwenye jukwaa la Jumba la Taifa kwa tamthilia yao, na mwaka uliofuata kazi hiyo, pamoja na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ilikwenda Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika. Mwaka huohuo wa 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao na kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Onyesho lilianza Oktoba. Novemba kibali kikafutwa. Siku ya mwisho ya Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka mzima bila kesi. Mwaka 1982 ukumbi wa Kamiriithu ulibomolewa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Micere Mugo walikimbilia uhamishoni, na Zimbabwe ikafaidika na ujuzi wao.

Sasa nirudi Bute. Miaka hiyo yote, gari la wanafunzi lilipokuwa likizunguka, sisi tulikuwa wapi?

Wakoloni walitufungia kwa sheria za wilaya za pembezoni, ya 1902 na kisha ya 1934. Mtu hakuingia wala kutoka wilaya za kaskazini bila kibali. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, haukupita hata mwezi kabla ya serikali mpya kutangaza hali ya hatari katika mkoa wetu kwa sababu ya vita vya kutaka kujitenga, vile walivyoviita vita vya shifta. Hali hiyo haikuondolewa hadi Novemba 1991. Kwa kizazi kizima, watu kukusanyika kulitazamwa kwa jicho la askari. Februari 1984, kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na mji wa Wajir, wanaume walikusanywa na vyombo vya usalama na kuuawa kwa wingi. Mahali ambapo mkusanyiko umegeuka kifo, nani atathubutu kuita watu waje watazame mchezo?

Lipo pia jambo la kiuchumi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende kwanza penye ardhi nzuri na mvua ya kutosha, ili nchi ipate faida ya haraka. Shule zikajengwa huko, na kumbi pia. Wazee niliowauliza Bute hawakumbuki kikundi chochote cha chuo kikuu kufika kuigiza. Wanakumbuka magari ya jeshi.

Hata hivyo jukwaa letu halikulala. Anayetaka ushahidi na aende kisimani. Visima virefu vya Waborana, kama vile vya Dubluk upande wa Ethiopia ambako babu yangu alinyweshea katika miaka ya kiangazi, havichotwi na mtu mmoja. Wanaume husimama mmoja juu ya mwenzake, kutoka kwenye maji hadi juu penye birika la udongo, na ndoo za ngozi hupanda mkono kwa mkono huku zilizo tupu zikishuka. Mmoja huanza ubeti, wengine huitikia. Wimbo ndio unaopanga kazi: ndoo hupokewa penye silabi ya nguvu na kuachiliwa penye pumzi. Akikosea mmoja, maji yanamwagika juu ya vichwa vya walio chini. Mifugo nayo inajua wimbo wa mwenyewe, na kundi linasogea birikani likisikia sauti yake.

Wanawake wana jukwaa lao. Kwenye harusi za Kisomali hutungwa buraanbur, ushairi wa wanawake unaosindikizwa na makofi, ngoma na mwanamke mmoja anayecheza katikati ya duara. Bibi yangu alisikilizwa na ukoo mzima kwa sababu ya beti zake. Aliweza kumkosoa mzee mbele ya watu, na mzee akakaa kimya kwa kuwa lawama imekuja kwa vina.

Kutoka ng'ambo zilitufikia pia sauti za jukwaa la kisasa. Jumba la Taifa la Maonyesho la Mogadishu lilifunguliwa 1967, mwaka uleule wa idara ya Dar es Salaam. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Hassan Sheikh Mumin alitunga Shabeelnaagood, tamthilia ya mwanamume laghai anayehadaa wasichana kwa ndoa za uongo. Kisomali hakikuwa na maandishi rasmi hadi 1972, kwa hiyo tamthilia kama hizo, zenye mashairi marefu, zilikaririwa na waigizaji kwa kusikia tu. Nyimbo za tamthilia hizo zilisafiri kwa redio, baadaye kwa kaseti, na nyumbani kwetu baba alizilinda kaseti hizo na vumbi kwa kuzifunga katika kitambaa.

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo chuoni. Mwaka wa pili tuliagizwa kila mmoja alete sanaa ya kwao na kuichambua: nani anaanza, nani anajibu, mwili unafanya nini, hadhira iko wapi, na ni kitu gani kitaharibika sanaa hiyo ikikosekana. Nilileta kisima. Niliwapanga wenzangu kwenye ngazi za jengo, nikawapa ndoo za plastiki zenye maji nusu, nikawaamuru wazipandishe kimya kimya. Ngazi zote zililoa. Kisha nikawafundisha kiitikio kifupi, tukarudia mpaka mabega yao yakaingia katika mdundo, na ndoo zikaanza kupanda bila tone kuanguka. Mhadhiri wetu aliuliza: mkiondoa maji na kuacha wimbo, hiyo bado ni kazi au sasa ni igizo? Tulibishana hadi jua likazama. Mwanafunzi kutoka Mara alileta mifano ya kwao, wa Pemba akaleta ya kwao. Siku ile niliona kwa macho yangu kwamba babu yangu, ambaye hakushika kalamu maisha yake yote, alikuwa na maarifa yanayoweza kuendesha semina ya chuo kikuu.

Kwa hiyo mzee wangu nilimjibu hivi. Shahada ya sanaa za maonyesho inafundisha kuwakusanya watu bila kuwaogofya, kulitaja tatizo bila kumdhalilisha mtu, na kuwaacha wenye tatizo wakilijadili. Wajir yetu imezika watu wengi kwa ugomvi wa koo, maji na malisho. Ujuzi wa namna hiyo unahitajika kwetu kuliko Nairobi. Kuhusu mshahara, waliosoma haya ni walimu, watayarishaji wa redio, waongozaji wa filamu, wahamasishaji wa afya na wapatanishi.

Milango iko wazi kuliko zamani. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha sanaa za maonyesho na filamu, na Dar es Salaam na Makerere bado zinapokea wanafunzi. Garissa ina chuo kikuu chake, kilichoanza 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliua watu 148 pale, na bado chuo kikafunguliwa tena na kupata hadhi kamili mwaka 2017. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu chini ya mtaala mpya, ambamo Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu, na somo la maigizo na filamu limo ndani yake.

Lakini somo lililoandikwa kwenye mtaala halijifundishi. Linataka mwalimu aliyehitimu, chumba na vitabu. Naziomba kaunti za Wajir, Garissa na Mandera zitoe basari kwa vijana wanaotaka kusomea fani hii, kama zinavyotoa kwa wauguzi. Naviomba vyuo vikuu virudishe desturi ya mwaka 1965 na 1974, na safari hii gari lielekee kaskazini, likiwa na vinasa sauti pamoja na maleba, kwa sababu wanaozijua nyimbo za visima wanazeeka na mabomba ya pampu yanachukua nafasi yao. Nanyi wazazi wa Bute, mtoto akirudi nyumbani na kusema anataka kusomea jukwaa, msimcheke. Mpelekeni kwanza kwa bibi yake akasikilize, kisha mlipieni karo.