Galatoni, mpingo na fundi wa Songea

Wazee wengi wa Songea niliozungumza nao hawasemi "gitaa kavu". Wanasema galatoni, kama tunavyosema kiwi kwa dawa yoyote ya viatu. Jina hilo ni la kampuni. Eric Gallo alifungua duka la santuri Johannesburg mwaka 1926, biashara ikakua, ikaja kuuza santuri za lebo ya Gallotone na magitaa ya bei nafuu yenye jina lilelile. Kwa hiyo nilipoamua kumtafuta fundi wa hapahapa mjini anitengenezee gitaa, badala ya kuchukua la kwenye boksi, nilijikuta nabishana na historia kabla sijabishana bei.

Magitaa yalifuata njia za vibarua. Enzi za mkoloni kusini kwetu palifanywa ghala la nguvu kazi. Wangoni, Wamatengo na majirani zao walikwenda umanamba kwenye mkonge wa Tanga, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU ili wawasombe kwa mpangilio. Wengine walivuka mipaka hadi migodi ya Afrika Kusini kupitia Wenela. Aliyerudi salama alirudi na blanketi, baiskeli, pengine gramafoni. Na mwenye roho ya muziki, gitaa. Huko Katanga, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, kijana aliyepiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikiliza unadhani wako watu wawili. Safari za Tracey zilipata fedha za Gallo. Yaani kampuni iliyokuuzia santuri ikakutia hamu, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa na gitaa la kukuuzia. Biashara nzuri hiyo, tukubali.

Sasa, kuna jambo moja dogo kuhusu galatoni ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote. Mwaka 1957 kijana wa Liverpool, John Lennon, alipata gitaa lake la mwanzo, Gallotone Champion. Ndani yake kulikuwa na kibandiko kinachomhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Ukiona mtu anaahidi hivyo, ujue mengine yanapasuka. Mbao hunywa unyevu na kuutema. Songea mvua zinanyesha kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, halafu inafuata miezi ya upepo mkavu. Ubao mzima ulioungwa wakati umevimba utasinyaa kiangazi, na kwa kuwa gundi imeushika pande zote, utapasuka katikati. Viwanda viliukwepa ugonjwa huo kwa mbao za matabaka, plaiwudi, ambazo nyuzi zake zimepishana. Hazipasuki kirahisi, lakini sauti yake mara nyingi ni ya mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi mdogo anayetumia mbao nzima, swali la kwanza lisiwe bei wala umbo. Muulize ubao ulipasuliwa lini na umekaa wapi tangu hapo. Ufundi wa mbao katika eneo hili una mizizi mirefu. Misheni ya Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, ikachomwa wakati wa Maji Maji, ikajengwa upya, na karakana zake zimefundisha maseremala kwa vizazi. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) gitaa nalo likaruhusiwa kuingia kanisani. Nikiangalia mafundi wetu naona urithi huo: mkono wa kutengeneza kabati na mimbari, sikio la kwaya. Lakini kabati halihitaji kutetema, na hapo ndipo seremala mzuri anaweza kutoa gitaa zito kama meza.

Kila mtu atakwambia tafuta mpingo. Naelewa. Uko Tunduru, jirani zetu kabisa. Ni mzito hata unazama majini, na kwa miaka mingi umetoka nchini kwenda kuwa klarineti na obo za Ulaya. Tangu mwaka 2009 misitu ya vijiji inayosaidiwa na MCDI, shirika lililoanzia Kilwa, ina cheti cha FSC, na kazi hiyo imefika hadi Tunduru. Lakini mpingo hukua taratibu sana, na shina lake ni jembamba, limejikunja, lina nyufa za ndani. Kipande cha klarineti utakipata. Ubao mpana wa mgongo wa gitaa ni bahati nasibu. Tena kuanzia Januari 2017 jamii nzima ya miti hiyo, Dalbergia, imo kwenye orodha ya CITES, na hadi Novemba 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipoondolewa kwenye masharti hayo, hata gitaa la kuuza nje lilihitaji kibali.

Na je, mgongo ndio unaoimba? Mwaka 1862 fundi Mhispania Antonio de Torres alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, akaweka ubao mzuri usoni tu. Alitaka kuonyesha kwamba uso ndio wenye kazi. Mimi namwamini. Mpe fundi mninga kwa mgongo, ni mti wetu na haupindi ovyo, halafu bishaneni kuhusu uso. Sprusi ya Ulaya ni ghali; paina ya Mufindi, ikiwa imenyooka na mistari yake imekaribiana, inastahili kujaribiwa.

Baada ya hapo ni shingo. Tazama kwa jicho moja kama unapima bunduki. Kila freti hukata sehemu moja kati ya 17.8 ya urefu wa uzi uliobaki, na fundi aliyenakili kwa karatasi kutoka gitaa la kipimo kingine atakuuzia kitu kisichokubali kuwa sawa milele. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12, upige. Kisha bonyeza palepale, upige tena. Sauti hizo mbili zikigombana, shukuru na uondoke.

Fundi niliyemchagua ni mzee, karakana yake ina bati tupu na jiko la mkaa. Nilimwomba aniwahishie kabla ya Pasaka. "Mwanangu," akasema, "Machi siungi uso. Njoo Julai tuanze." Nimemwachia advansi. Mbao zangu mbili za paina ziko juu ya dari, zimetenganishwa kwa vijiti, na amenikataza nisizishushe kuwaonyesha watu.