Stigmeji

Stigmeji (kutoka maneno ya Kigiriki "stigma", alama, na "ergon", kazi) ni mawasiliano yasiyo ya moja kwa moja kati ya viumbe au programu zinazofanya kazi pamoja. Mmoja huacha alama mahali pa kazi, na mwingine akiikuta huendeleza kazi hiyo. Hakuna anayetoa amri, wala anayehitaji kuujua mpango wote.

Asili ya dhana

Neno hili lilibuniwa mwaka 1959 na mwanazuolojia Mfaransa Pierre-Paul Grassé, aliyechunguza ujenzi wa mchwa wa Afrika. Alieleza kwamba donge la udongo lililowekwa na mchwa mmoja huwavuta wengine kuweka madonge yao hapohapo, hadi nguzo na kuta zinainuka. Vichuguu vya mchwa ni vya kawaida katika misitu ya miombo ya Tanzania, kwa mfano kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika maeneo ya Nyakitonto, Kasulu na Kibondo.

Matumizi katika kompyuta

Mwaka 1992 Mwitalia Marco Dorigo alieleza katika tasnifu yake ya uzamivu algoriti zinazoiga sisimizi. Sisimizi wengi huacha harufu, yaani feromoni, kati ya kiota na chakula. Njia fupi hupitiwa mara nyingi zaidi kwa muda uleule, hivyo harufu yake huzidi na kuwavuta wengine.

Katika kompyuta, mawakala wa programu huacha namba badala ya harufu. Namba hizo hupunguzwa kila mara, kama harufu inavyofifia. Bila kufifia huko, njia iliyopatikana mapema kwa bahati ingeendelea kufuatwa hata kama ipo iliyo bora zaidi.

Mwaka 1998 Gianni Di Caro na Dorigo walieleza mfumo wa AntNet, ambamo mawakala husafiri ndani ya mtandao wa kompyuta na kurekebisha majedwali ya njia za data.

Mjadala

Utafiti uliotolewa mwaka 2017 kuhusu mchwa wa spishi Macrotermes michaelseni, wanaopatikana pia Kenya, ulionyesha kuwa wafanyakazi huvutwa hasa na mahali wenzao wanapokusanyika na kuchimba, kuliko na madonge yaliyokwisha kuwekwa. Kwa hiyo algoriti inaweza kufanya kazi vizuri bila kuthibitisha kwamba wadudu wenyewe hufanya vivyo hivyo.