Kujumlisha kwa Vijiti, Fito na Vizibo

Alama ya kujumlisha tunayoiandika ubaoni ina umri mdogo. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1489 mjini Leipzig, katika kitabu cha hesabu za biashara cha Johannes Widman. Alama ya sawasawa ilisubiri hadi 1557, Robert Recorde alipochoka kurudiarudia maneno "ni sawa na". Kujumlisha kwenyewe kulikuwapo kitambo, mikononi mwa watu.

Mashariki ya Kati, tangu karibu mwaka 8000 kabla ya Kristo, watu walihesabu nafaka na mifugo kwa vijiumbo vya udongo, vingine vya duara, vingine kama koni. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat alieleza jinsi vilivyokuja kufungiwa ndani ya matufe ya udongo, na alama zake zikagandamizwa kwa nje ili zisomeke bila kulivunja tufe. Ukafika wakati alama ya nje ikatosha, na vya ndani vikakosa kazi. Njia hiyo iliyochukua maelfu ya miaka ndiyo tunayomtaka mtoto wa darasa la kwanza aimalize kwa muhula mmoja!

Shule za Ulaya kwa muda mrefu zilimkaririsha mtoto kanuni tu. Aliyezitikisa ni Johann Heinrich Pestalozzi wa Uswisi, aliyelea yatima wa vita huko Stans mwaka 1799, kisha akaendesha shule Yverdon kuanzia 1805. Kwake, mtoto hakupaswa kutaja namba asiyokwisha kuiona na kuishika: njegere, kokoto, vipande vya mti. Mawazo yake yalivuka bahari upesi, na mwaka 1821 Warren Colburn wa Boston akatoa kitabu cha hesabu kilichofuata nyayo hizo.

Lakini Pestalozzi huyohuyo alitengeneza jedwali la vistari: safu kumi za vyumba kumi, safu ya kwanza kistari kimoja kila chumba, ya pili viwili, hivyo hivyo hadi kumi. Watoto walilisoma kwa sauti moja, mstari baada ya mstari. Kasuku wakarudi darasani kwa mlango wa nyuma, safari hii wakikariri vistari.

Vita navyo vilichangia. Jean-Victor Poncelet, mwanajeshi na mwanahisabati Mfaransa, alitekwa Urusi mwaka 1812 na kufungwa Saratov. Aliporudi Metz alikuja na fremu ya shanga ambayo wafanyabiashara wa Kirusi waliitumia kila siku. Ufaransa ikaigeuza kifaa cha watoto. Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alitumia fito kumi za rangi nyekundu na buluu, fupi kabisa sentimita 10, ndefu kabisa mita 1. Unganisha ufito wa tatu na wa pili, weka wa tano kando yake: jibu linajionyesha lenyewe.

Huku kwetu, mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika na Kimarekani walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, vilivyojaa seti. Hisabati hiyo haikudumu. Vihesabio vimedumu: mawe, mbegu, njiti, vizibo vya soda. Havina gharama, ila kuna walimu wanaovinyang'anya mapema mno, na wengine wanaoviacha mezani hadi mtoto anavitegemea.

Mwaka 1977 Guy Groen na Lauren Resnick walichapisha utafiti uliogusa hapo hapo. Waliwafundisha watoto wadogo, ambao hawajaanza shule, njia moja tu: tenga mafungu mawili, yachanganye, hesabu vyote kuanzia moja. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi, karibu nusu yao waliiacha njia hiyo bila kuambiwa. Walianzia kwenye namba kubwa na kuongeza ndogo juu yake. Mwalimu mwenye kundi mbele yake huweza kulisikia badiliko hilo kwa masikio: mbele ya vizibo vitatu na vitano, mtoto haanzi tena kwa "moja". Anaanza kwa "sita".