Ukoko wa Boila

Mama mdogo huchemsha maji ya kufulia kwenye pipa la chuma, nyuma ya nyumba yake Nkuhungu. Ni dobi. Kila asubuhi bodaboda huleta mashuka ya nyumba mbili za wageni, na jioni yanatakiwa yarudi yakiwa meupe. Siku bomba likitoa maji, anamshukuru Mungu. Siku za mgao anachota kisima cha uani, chenye maji ya chumvichumvi. Kwa maji hayo sabuni haitoi povu. Inatoa utando wa kijivu unaoganda kwenye nguo.

Nilipohamia kwake ili niandike tasnifu yangu ya uzamili katika historia, kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa patasi na nyundo. Nikagongoe pipa. Ndani yake kulikuwa na ganda jeupe, gumu kuliko ukoko wa wali ulioungua.

"Babu yako alilipwa mshahara kwa kazi hiyo hiyo," akasema. "Tena na Reli."

Nilijua babu alifanya kazi reli. Sikujua kwamba alikuwa mwosha boila.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Shuleni tulifundishwa kuwa ni habari ya chuma, vibarua na dola ya Kijerumani. Ni habari ya maji pia. Gari moshi huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, kisha hutupwa nje kwa bomba la moshi. Maji hayo hayarudi. Kwa hiyo baada ya kila mwendo mashine lazima inywe tena, na hapa Ugogo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili.

Tena mashine hiyo haikunywa maji yoyote tu. Maji yaliyopita kwenye miamba hubeba kalisiamu na magnesiamu. Yakichemka, kalisiamu hujitenga na kuganda kwenye chuma kama chokaa. Ukoko huo huzuia moto usifike kwenye maji: kuni au mafuta yanaungua mengi zaidi, mabomba ya ndani yanapata joto kupita kiasi, na mwisho yanaweza kupasuka. Ndiyo maana boila ilizimwa kila baada ya muda, ikapoa, ikafunguliwa, na watu kama babu wakaingiza fimbo za chuma na maji ya nguvu kuisafisha.

Dawa yake ilikuwa kemia, na kemia yenyewe inakaa jikoni kwetu. Magadi ambayo bibi aliweka kwenye mlenda ni kaboneti ya sodiamu. Ukiyatia kwenye maji magumu kabla ya kuyachemsha, kalisiamu hugeuka tope laini linaloshuka chini badala ya kuganda ukutani. Reli na viwanda vingi duniani vilitumia magadi hayo kwa kazi hiyo hiyo. Mama mdogo anasema babu alirudi na ujuzi huo nyumbani. Mpaka leo anatia magadi kwenye pipa usiku, analiacha litulie, asubuhi anachota maji ya juu. Tangu nigongoe ule ukoko wa zamani, hataki tena pipa lichemshe maji yasiyotulizwa.

Ila magadi yana deni lake. Kalisiamu inatoka, sodiamu inabaki majini. Kwenye boila, chumvi ikizidi maji hutoa povu na kuchafua mvuke, hivyo fundi hufungua valvu ya chini na kumwaga sehemu ya maji hayo. Hapo nilipaswa kuelewa, lakini sikuelewa.

Kwa sababu nilikuwa nasoma habari za Karoo. Afrika Kusini nayo ilikuwa na reli inayokatiza nchi kavu, na kuanzia 1953 ilipokea injini 90 za daraja la 25 ambazo hazikutupa mvuke. Mvuke ulipitishwa kwenye tangi refu lenye mapanga ya kupoza, ukageuka maji, ukarudi kwenye boila. Iliokoa hadi asilimia 90 ya maji. Lakini mitambo ile ilidai matunzo mengi, na kuanzia miaka ya 1970 nyingi kati yake zikabadilishwa kuwa injini za kawaida. Nikasoma pia habari za Windhoek, mji mkuu mwingine wa nyanda kavu, ambao tangu mwaka 1968 unasafisha maji taka mpaka yanaingia tena kwenye mabomba ya kunywa.

Nikajawa na ari. Nikamwambia mama mdogo: haya maji tunayomwaga barabarani, tuyatumie tena. Nikachimba shimo hatua kumi kutoka kisimani, nikaweka changarawe na mchanga. Ardhi itachuja, nikasema, nasi tutayachota upya. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Wewe ndiye msomi." Tukamwaga humo miezi miwili.

Rafiki yangu anayesoma kemia ndiye aliyenishtua. Alichukua chupa moja ya maji ya kisima akaipima pamoja na sampuli zake. Alinipigia simu jioni. Nitrati ilikuwa imepita miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Akaniuliza kama kuna mtoto mchanga nyumbani.

Alikuwepo. Dada, binti wa mama mdogo, alikuwa amekuja na mwanawe wa miezi mitatu, na siku za mgao maziwa yake ya kopo yalikorogwa kwa maji ya kisima yaliyochemshwa vizuri. Nitrati nyingi huweza kuifanya damu ya mtoto mchanga ishindwe kubeba oksijeni. Na kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi nitrati. Maji yanapungua, yenyewe inabaki yote ndani ya sufuria. Ni boila ile ile.

Mtoto hakuugua. Nilimbeba usiku ule nikimkagua midomo kwenye mwanga wa simu, mpaka dada akaninyang'anya.

Rafiki yangu aliniambia jambo moja zaidi: nitrati ile haikutokana na sabuni yangu. Mwaka 1996 mwanajiolojia Hudson Nkotagu alichapisha utafiti wake kuhusu nitrati nyingi katika maji ya chini ya ardhi ya Dodoma, akaihusisha na maji taka. Vyoo vyetu vya shimo na makaro yetu yanashuka chini, visima vyetu vinapandisha juu. Kabla sijachimba shimo langu, tulikuwa tayari tunatumia maji mara mbili, bila kipimo. Mimi niliongeza sodiamu tu.

Tangu hapo nasoma historia ya mji huu kwa namna nyingine. Maji ya bomba yanatoka hasa visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji. Kina chake kimerekodiwa tangu miaka ya 1950, na mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa bonde lile halijazwi na mvua za kila mwaka, bali na misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Kati ya misimu hiyo tunakula akiba. Nayo akiba ina walaji wapya: serikali imehamia, Dodoma ni jiji tangu 2018, na Nala, magharibi mwetu, viwanda vinajengwa. Treni mpya ya umeme haihitaji maji ya boila. Kiwanda kinahitaji, na kitaambiwa kirudishe maji yake kwa utando wa kuchuja chumvi. Utando huo unafanya kazi kweli. Lakini hutoa maji safi upande mmoja, na upande wa pili maji machache yenye chumvi yote. Hayo ndiyo nataka tuulize yanakwenda wapi, kabla mtu hajachimba shimo.

Shimo langu nimelifukia. Sasa tunafanya wanavyofanya viwanda vya nguo: nguo inakwenda mbele, maji yanarudi nyuma. Maji ya suuzo la mwisho ndiyo yanafulia mzigo unaofuata, na madumu 12 yamekuwa manane. Maji ya mwisho kabisa, yenye magadi na sabuni, tunayapeleka kwenye karo la kunyonywa na gari. Mama mdogo analipia, na hunikumbusha kila gari likija.

Maziwa ya mtoto yanakorogwa kwa maji ya Makutupora, tunayoyaweka akiba kwenye ndoo yenye mfuniko mwekundu. Hakuna anayeigusa ndoo hiyo, hata mashuka yakichelewa.